Visiwa Vitatu na Mkono wa Mark

Wasini,
9 Januari 2025

Senge wangu,

Na ule mkoba, shangazi, ndio niliokuwa nikikuonyesha kwa vidole pale stendi ya Kakamega, nawe ukawa unaitikia tu kwa kichwa, maana masikio yako uliyaacha kiwandani kwenye mashine za kusaga miwa. Nilikuwa nasema hivi: mkoba wa Eugene ni mkubwa kuliko mgongo wake, na ndani yake amebeba nguo ZANGU. Zake ziko chini kabisa, mashati mawili na kaptura. Ni mwanamume gani mwingine huko nyumbani angefanya hivyo?

Hujambo, Senge? Kuku wanataga? Goti linakuruhusu kulala? Msalimie kaka yangu Mark, umwambie ile suti ya harusi bado inachekesha watu hadi huku pwani, kwa sababu nimewaonyesha picha. Msalimie pia baba mdogo Makhanu. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima. Mwezi wa ndoa haujaisha, na kila nikiamka namgeukia na kumtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani, anaogopa mwenyewe atatokea kukidai.

Kisiwa hiki hakina gari hata moja. Mawe yake ni ya matumbawe, makali kama chupa iliyovunjika, yamenichana nyayo zote mbili. Eugene aliniosha damu kwa maji ya bahari nikapiga yowe, kisha akanibusu kidole kimoja kimoja mbele ya watu. Nilitaka kufa kwa aibu, na nilitaka aendelee.

Tumepata marafiki! Mmoja ni Wandera, Msamia wa Busia, anayezunguka visiwani na mkoba kama sisi tangu alipoachishwa kazi. Anasema anatafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kumwuliza, "Siku hizi unafanyanga nini?" Mwingine ni Ingvild, muuguzi kutoka Norwei, mrefu kuliko mlango. Jana Wandera alitutazama tukigawana samaki mmoja akasema, "Nyinyi bado mnanuka keki ya harusi."

"Wacha wivu," Eugene akamjibu.

"Si wivu, ndugu yangu. Ni njaa. Mmekula samaki wangu."

Na hili lazima nikwambie, kwa sababu ndilo tamu kuliko yote. Tulipokuwa Shimoni tukingoja boti, simu ya Eugene iliita. Akaenda kuongea mbali, mwisho wa gati, kwa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kwa upepo. Akanishika mikono akasema, "Nekesa, tuzime hizi simu. Tubaki mimi na wewe tu." Nilizima yangu papo hapo. Senge, hivyo ndivyo watu wanapendana kwenye sinema!

Tulikuwa turudi nyumbani kwetu Shirere wiki ijayo, lakini sasa anasema tuvuke hadi Pemba. Niandikie kupitia Posta ya Wete. Usiponiandikia nitalia.

Mwanao mwenye furaha,
Nekesa


Malava,
27 Januari 2025

Nekesa mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa na mchanga ndani. Nimeukung'utia mlangoni, kuku wakaudonoa wakidhani ni chakula. Kuku wanataga, ila wawili wamekufa. Goti liko vile vile. Miwa imekomaa na lori la kuibeba haliji. Kanisani wameniuliza habari zako, nikasema uko majini.

Nimefurahi kwamba unapendwa. Nilikulea ili upendwe.

Mark aliumia mkono kidogo. Anatibiwa. Yule fahali mweusi waliyemleta wakwe zako hayupo tena. Makhanu hajambo, ameanza kuongea sana siku hizi, na wewe unajua kwamba Makhanu akiongea sana si dalili njema.

Sasa shika neno moja. Msije Malava. Wewe ukitaka kuja, njoo peke yako. Eugene asikanyage hapa mpaka nikuandikie kwamba njia iko wazi. Usiniulize kwa nini, kwa sababu bado natafuta namna ya kukueleza bila kukuharibia siku zako.

Mwulize mumeo kama amesikia lolote kutoka kwao. Akijibu, mtazame uso, usimtazame mdomo. Mimi nimeishi na viziwi wenzangu wa kiwandani, najua mahali pa kutazama.

Vaa kofia. Jua la huko si la huku.

Ni mimi Senge wako,
Pascalia


Wete, Pemba,
16 Februari 2025

Senge wangu,

Umenitisha, kisha ukaniambia nivae kofia! Kofia nimevaa. Goti lako nimelinunulia mafuta ya karafuu, utayapaka usiku. Kisiwa chote kinanukia karafuu, zimeanikwa barabarani juu ya mikeka. Tunalala kwa mama mmoja aliyetupangisha chumba chenye kitanda cha kamba, na kila Eugene akigeuka kitanda kinalia, na mwenye nyumba anakohoa upande wa pili. Tunacheka hadi tunaumwa mbavu.

Mark aliumiaje? Alijikata shambani? Mwambie akome kukata miwa akiwa na hasira.

Nilimwuliza Eugene kama ulivyosema. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Akasema, "Kwetu? Kwetu wako sawa." Uso sikuuona. Na kwa nini nimtegee uso mume wangu, Senge, kama askari? Nilimfunga kamba za kiatu cha pili, basi.

Ila wacha nikwambie kitu cha ajabu. Hapa Pemba pia wana mchezo wa ng'ombe! Lakini wao hawapambanishi madume wawili kama kwetu. Wanamfunga dume mmoja kwa kamba ndefu, zumari linapigwa, vijana wanamchezea kwa kitambaa na kuruka pembeni, akina mama wanaimba. Akichoka wanampeleka nyumbani. Hakuna anayekufa. Wandera, Ingvild na mimi tulikuwa mstari wa mbele. Nikasema kwa sauti, kwa majivuno, "Mume wangu ni wa upande wa Shinyalu, kwenye mapambano ya mafahali, hawa wote angewafundisha!" Watu wakamsukuma Eugene mbele wakimpigia makofi. Wakampa kitambaa.

Yule dume alimjia mbio, mweusi, mate yakimtoka. Kijana mmoja wa pale alichelewa kuruka, akapigwa na pembe pajani, akaanguka akishika nyama yake kwa vidole. Si jeraha kubwa, walimfunga tu na mchezo ukaendelea. Lakini Eugene alikitupa kile kitambaa, akapita katikati ya akina mama, akaenda nyuma ya ukuta kutapika. Alitapika mpaka akawa anatoa maji matupu. Wandera akamfuata akicheka, "Wewe Mluhya gani unaogopa ng'ombe?"

Baadaye Wandera aliteleza kwenye ngazi, jino la mbele likang'oka. Maskini. Anarudi kwao Busia na amekubali kupitia kwako na barua hii, kwa hiyo mpikie vizuri, anapenda kuku.

Eugene anasema twende Mafia sasa. Nikamwambia mvua za masika zinakuja, na nyumba yetu ya Shirere hatujaifagia tangu harusi. Akanikumbatia kwa nguvu hadi pumzi ikaniishia. "Kisiwa kimoja tu," akasema. "Kimoja tu, Nekesa, kisha nitakurudisha." Ningemkatalia vipi? Niandikie kwa Posta ya Kilindoni, na uniambie ukweli kuhusu Mark.

Nakupenda,
Nekesa


Malava,
8 Machi 2025

Nekesa,

Wandera wako alifika Jumanne. Alikunywa chai yote na kumaliza ingokho, yule kuku niliyemwekea, akitafuna upande mmoja. Nikamwuliza jino limekwenda wapi. Akasema ngazi. Nikamwambia, "Mimi ni kiziwi, si kipofu." Akacheka. Halafu akasema, polepole ili nisome midomo, "Mama, ni ngumi ya mumewe. Simchukii. Yule mtu ana jambo linamla."

Kwa hiyo wewe umenificha na mimi nimekuficha. Mimi naacha leo. Mvua imeanza, mahindi tumepanda juzi. Salamu ndizo hizo. Kaa chini usome.

Mark hana mkono wa kulia.

Siku wakwe zako walipoleta ng'ombe wa mahari, wewe ulikuwa jikoni. Osiako, kaka yake Eugene, alimpiga yule dume mweusi kofi la mgongoni, akacheka mbele ya wageni: "Huyu ni wa kuchinja. Uwanjani amekimbia mara mbili, hana moyo." Mark alisikia. Nyinyi mkiwa na mambo ya harusi, yeye alikuwa akimlisha dume molasi na kumnoa pembe kwa kipande cha chupa. Jumamosi ile baada ya nyinyi kusafiri, wakamtoa kwa ngoma ya isukuti, Makhanu mbele akipuliza pembe, kumpeleka kupambana na fahali wa Osiako.

Niliwazuia langoni kwa fimbo yangu. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba ng'ombe aliyekuja kwa ajili ya msichana hapiganishwi na ng'ombe wa boma alikotoka. Ni kama kusema msichana mwenyewe ametumwa huko vitani. Mark aliniletea mdomo karibu nisome vizuri: "Senge, ng'ombe ni wetu sasa. Wacha wauone moyo wake." Nikawafuata. Niliyaona yote, na sikusikia hata moja.

Madume waligongana vichwa. Wetu hakukimbia. Alimsukuma wa Osiako hadi kwenye miti, akainamisha shingo, pembe ikazama tumboni. Yule alitembea akikanyaga matumbo yake mwenyewe. Osiako akachukua panga kummaliza, akilia kama mtu aliyefiwa na mtoto. Na Mark wetu, Mungu amsamehe, akawa anacheza isukuti kuzunguka mzoga, vidole kichwani kama pembe.

"Nani hana moyo sasa, shemeji? Wa kuchinja ni nani?"

"Cheka," Osiako akasema. "Ng'ombe tulitoa, dada yako tukachukua. Tukimchoka tutamrudisha amefungwa ndani ya ngozi hii."

Mark akamtemea mate usoni. Osiako alikuwa bado na panga, limelowa damu ya ng'ombe. Mark aliinua mkono kujikinga. Mkono ulianguka kwenye nyasi, vidole vimekunjwa kama bado vimeshika kitu. Niliuokota mimi, nikaufunga kwa leso yangu. Hospitalini walijaribu, ikashindikana. Osiako alitoroka siku ile ile. Dume wetu naye walimkatakata watu wa upande ule kwa hasira, akiwa amesimama.

Jumapili, watu wametoka tu kanisani, Makhanu akapakia vijana kwenye bodaboda. Walichoma nyumba ya Osiako, wakakata ng'ombe wake miguu wakawaacha wakijiburuta. Mama mkwe wako alisimama mlangoni kwake akakataa kutoka. Makhanu alimpiga rungu, mbavu zikavunjika. Alinisimulia mwenyewe, hapa jikoni kwangu, akiniigizia jinsi mama yule alivyojikunja. Alikuwa anacheka.

Polisi walikuja kuuliza. Kila mtu akasema hakuona kitu. Hata mimi niliulizwa, nikaonyesha masikio yangu.

Mkono tuliuzika nyuma ya migomba. Makhanu amechimba shimo la pili kando yake na kuliacha wazi. Anasema Osiako asipopatikana, yupo ndugu yake. Mkono kwa mkono. Vijana wamekubali. Mark haongei, lakini juzi nilimwona amesimama penye lile shimo, analipima kina kwa mkono uliobaki.

Kama unampenda huyo mume wako, mwache huko. Rudi peke yako. Makhanu atawarudishia ng'ombe waliobaki, ndoa itakuwa imekwisha, na Eugene atakuwa na mikono yake miwili. Hiyo ndiyo njia ninayoiona.

Pascalia


Kilindoni, Mafia,
6 Aprili 2025

Senge wangu,

Goti lako likoje na hii mvua? Hapa imenyesha hadi boti zimekaa bandarini siku nyingi, na barua yako pia ilichelewa kuvuka. Ingvild ndiye atakayekuletea hii, anakuja kutazama ndege kwenye msitu wa Kakamega. Ukiona mzungu ameinama kuingia mlangoni, usishtuke. Mpe chai bila maziwa. Ukishaisoma, itie jikoni iungue.

Niliisoma yako nimesimama posta. Nikatembea kwenye mvua hadi tunakolala. Eugene alikuwa jikoni anakuna nazi, anaimba.

"Mkono wa Mark uko wapi?" nikamwuliza.

Hakuuliza mkono gani. Aliweka kifuu cha nazi chini. "Walisema watauzika," akasema.

Nikachukua mchi wa kinu. Senge, nilimpiga mume wangu kichwani kwa mchi, na alipoanguka nikampiga begani, nikasikia kitu kimelia ndani. Ningempiga tena, lakini Ingvild alinikumbatia kwa nyuma akaninyanyua, miguu ikabaki inarusha mateke hewani. Damu iliingia kwenye nazi ikawa ya waridi. Nilimwita mbwa. Nilimwita kila kitu.

"Mwache apige," Eugene akasema pale chini. "Niliyajua tangu Shimoni. Ile simu ilikuwa ya Osiako. Na ya pili, nikiwa bado pale gatini, ilikuwa ya jirani yetu, akasema baba yako mdogo amemvunja mama yangu mbavu. Nikakutazama, ulikuwa unachezea maji kwa mguu. Nilitaka ufurahi kisiwa kimoja kabla hujanichukia. Kikawa viwili. Vikawa vitatu."

Hapo ndipo nilipoketi. Kumbe alikuwa amebeba mama yake mgongoni miezi yote hiyo, chini ya nguo zangu. Wale wa kwangu walimvunja mama yake, na yeye akanifunga nywele kwa utepe. Nilikishika kichwa chake mapajani Ingvild akimshona, na mikono yangu ilikuwa imejaa damu yake, na nilimpenda, Senge, nilimpenda vibaya, hadi meno yakanigonga. Ingvild akanitazama akaniambia kwa Kiswahili chake kile, "Wewe shika taa. Busu baadaye."

Sasa sikiliza. Hutaki aje, najua. Lakini kumwacha kwenye kisiwa ni kumpa Makhanu alichotaka, ila bila panga. Siwezi. Na siwezi kulala na mtu ambaye kaka yake amemkata kaka yangu na yuko huru. Nilimwambia Eugene hivyo. Akaiacha chai ikapoa.

Halafu akawasha simu. Alijua tangu ile simu ya Shimoni Osiako alipojificha, huko Kitale, anapakia mahindi ghalani. Akampigia ofisa wa polisi mwenye kesi, akamtajia mji, ghala, na jina analotumia. Alipomaliza alitoka akaketi kwenye mvua, bendeji kichwani, sikumfuata. Osiako alikamatwa kesho yake. Ametuma neno kwamba hana ndugu anayeitwa Eugene.

Mwambie Mark. Mwambie ni mume wangu aliyefanya hivyo, wala hakuombwa na mtu wa Malava. Mwambie lile shimo alifukie yeye mwenyewe, na kama hataki, nitalifukia mimi kwa viatu vyangu hivi vyenye mchanga wa Mafia, yeye akiwa ananitazama. Amekatwa mkono, na namlilia kila siku. Lakini aliyemkata yuko ndani, na mkono wa Eugene hatautamani tena.

Sasa imebaki zamu yangu. Eugene amemtoa wa kwao. Mimi natoa wa kwetu. Aliyemvunja mbavu mama mkwe wangu nitamtaja kwa polisi, jina lake na la baba yake, ambaye ni baba yako na babu yangu. Mimi sikuwepo. Ni wewe ambaye Makhanu alikusimulia jikoni akicheka. Wakikuuliza tena, usiwaonyeshe masikio. Macho yako yanasikia kuliko kijiji chote, na ofisa ataandika utakachosema.

Ni ndugu yako, Senge. Najua ninachokuomba. Osiako naye ni ndugu wa Eugene, walinyonya titi moja, na nimemwona mume wangu akiketi kwenye mvua baada ya kuiweka ile simu chini.

Siku sikutajii, ili Makhanu akikukodolea macho asipate kitu usoni mwako. Tutapitia kwanza kwa mama mkwe, nimwogeshe na kumpikia. Kisha tutaingia Malava mchana, watu wakiwa nje wote, mimi na Eugene, mkono wake wa kulia nimeushika kwa vidole vyote. Anayeutaka atalazimika kukata na wangu. Tutapita mbele ya nyumba ya baba mdogo bila kukimbia, tuje mlangoni kwako, na kutoka hapo tutakwenda kituoni wote watatu.

Toa viatu vyako vya kanisani uvifute vumbi. Tunakuja kukutembelea, Senge, kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao,
Nekesa